Mume wangu anataka tajiri yake amsimamie mtoto, mimi namtaka mama wa ndizi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Pasua hapa Moshi. Mkubwa ana miaka mitano. Yeye alibatizwa kwetu Rombo akiwa na wiki sita, akasimamiwa na binamu yangu, na mambo yakaisha bila mgogoro. Binamu mwenyewe alihamia Mwanza mwaka ule ule, siku hizi tunasalimiana sikukuu kwa sikukuu. Shida imekuja kwa huyu mdogo wa kiume. Ana miezi sita na hajabatizwa.

Mume wangu ni mtu wa Kibosho, Mkatoliki kama mimi, na ndoa yetu ni ya kanisani. Ni fundi magari. Alipomaliza shule kwao hali ilikuwa ngumu, akachukuliwa na mzee mmoja wa Machame anayeishi Dar. Mzee huyo alimlipia ada ya chuo cha ufundi cha VETA, baadaye akamkopesha hela ya kompresa na vifaa, akafungua gereji yake. Lile deni lilishalipwa zamani lakini mpaka leo anamwita "tajiri yangu". Mtoto alipozaliwa Januari, siku ya tatu tu, nikiwa kitandani nakunywa mtori, mume wangu aliniambia, "Huyu atasimamiwa na tajiri." Nilinyamaza, nikajua ni furaha tu.

Tajiri ni Mlutheri. Tena huja nyumbani mara moja kwa mwaka, Desemba, kama watu wengine wa huku. Basi ubatizo ukasogezwa hadi Desemba. Kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, kuna mwenyekiti wa kamati na mweka hazina, watu wanaahidi michango, ukumbi unatafutwa. Mama mkwe anasema msimamizi ndiye mtaji wa mtoto, na kwamba wazazi tukifa huyo ndiye atakayemlea, kwa hiyo awe mtu mwenye uwezo.

Mwezi wa sita baridi ilipokaza mtoto akashikwa na nimonia. Tulilazwa siku nane. Usiku wa pili alikuwa na mpira wa oksijeni puani, mbavu zinaingia na kutoka, na bibi aliyekuwa anamuuguza mjukuu wake kitanda cha pili akaniuliza taratibu, "Mama, huyu amebatizwa?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chupa ya maji kwenye mkoba, nikawa naishika naiacha, naishika naiacha, sijui kama mimi mwanamke wa kawaida naruhusiwa.

Asubuhi saa kumi na mbili alikuja mama mmoja wa jumuiya yetu. Anauza ndizi soko la Mbuyuni, na alipitia hospitali kabla ya kwenda kupanga biashara. Alikuwa na chupa ya chai yenye uji, na rozari. Alikuja hivyo hivyo siku zote nane. Tangu hapo moyo wangu unaniambia huyo ndiye mama wa ubatizo wa mwanangu.

Tulipotoka nikamshawishi mume wangu twende ofisi ya parokia. Katekista akatuambia Mlutheri hawezi kuwa msimamizi, anaweza kuwa shahidi tu, tena pakiwepo msimamizi Mkatoliki. Mume wangu alichukia. Njiani aliniambia, "Kwa hiyo Mlutheri si Mkristo? Huyu mzee amenifanya mtu." Nilipomtaja yule mama akasema, "Muuza ndizi atamsaidia nini mtoto?" Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya unga na mafuta tu.

Nifanyeje, Shangazi? Nisubiri Desemba kulinda amani ya nyumba?

Mama wa wawili, Pasua

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza.

Naanza na ile chupa ya maji, maana nimeisoma sehemu hiyo mara tatu na siwezi kuipita. Ulikuwa unaruhusiwa. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa na padre au shemasi hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza: mama, nesi, yule bibi wa kitanda cha pili, hata mtu ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi ana nia ya kufanya kile Kanisa linachofanya. Unammiminia maji kichwani mara tatu huku ukimtaja jina na kusema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Basi. Maji ya kawaida ya chupa yanatosha. Useme "nakubatiza", usiseme "tunakubatiza". Mwaka 2020 Vatikano ilitoa jibu rasmi kwamba ubatizo uliosemwa kwa "tunakubatiza" si halali, na huko duniani wapo watu wazima waliolazimika kubatizwa upya kwa sababu ya neno hilo moja. Mtoto akipona, unamjulisha paroko. Harudii maji, anakamilisha sehemu zilizobaki na kumwandika kwenye daftari.

Na kama ile hofu bado inakuamsha usiku, ujue hili pia. Watoto wanaofariki kabla ya kubatizwa Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, na Katekisimu yake inasema hivyo waziwazi. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikano iliandika kwamba tuna sababu nzito za kutumaini wokovu wao. Kwa hiyo mwanao hakuwa ametupwa gizani usiku ule. Lakini tumaini hilo si ruhusa ya kuahirisha.

Kwa hiyo Desemba, hapana. Hapo sitakuzungusha. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 867, inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, na waende kwa paroko mapema, hata kabla mtoto hajazaliwa, waandaliwe. Imesema wiki, na ninyi mko kwenye miezi. Nalijua hili la Desemba, mwanangu, mimi mwenyewe ni wa mlimani. Mwezi ule barabara ya kutoka Dar inajaa, kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kina moshi, na ubatizo, Kipaimara, harusi na matanga ya mwaka mzima vinabanwa kwenye wiki mbili. Ni jambo zuri watu kurudi nyumbani. Nisichokubali ni mtoto mchanga kukaa mwaka mzima akingojea kalenda ya likizo ya watu wazima, tena mtoto aliyekwisha kuwekewa oksijeni.

Tuje kwa tajiri. Katekista amewaambia ukweli, ingawa inaelekea aliusema kwa haraka. Mume wako aliposikia "hawezi" akasikia "si Mkristo", na hayo ni mambo mawili. Mzee yule ni Mkristo kamili. Ubatizo wa Kilutheri Kanisa Katoliki linautambua. Akitaka kesho kuwa Mkatoliki habatizwi tena. Mlima huu wetu ulipata imani kwa milango miwili karibu wakati mmoja. Wamisionari Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walianzia Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakaenea Kibosho na Rombo, na Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, wakaingia Machame mwaka 1893. Mume wako na tajiri yake wangebadilishana mahali pa kuzaliwa, wangebadilishana makanisa pia. Mume wako analijua hilo ndani yake, ndiyo maana imemuuma.

Ila msimamizi hatoi ushahidi kwamba yeye ni mtu mwema. Kazi yake ni kusimama na kuikiri imani ya Kanisa hili analoingizwa mtoto, kisha kumsaidia aiishi: apokee Komunyo ya Kwanza, aende Kitubio, afike Kipaimara. Ndiyo maana kanuni ya 874 inataka msimamizi awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyekwisha kupokea Kipaimara na Ekaristi, anayeishi maisha yanayolingana na kazi hiyo, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Mzee wa Machame huwezi kumwomba amwongoze mtoto kwenye sakramenti ambazo yeye hazipokei kwa namna hiyo. Ni kumwonea. Kanuni hiyo hiyo imempa nafasi ya heshima: anasimama pamoja na msimamizi Mkatoliki akiwa shahidi wa ubatizo. Mwambie mumeo neno hilo, shahidi, ulitamke kwa uzito wake.

Sasa nimtetee mume wako kidogo, kwa sababu barua yako imempitia mbio. Yule mwanamume ana deni lisilolipika kwa shilingi. Kompresa ililipwa, lakini kuokotwa ukiwa kijana wa kijijini ukafanywa fundi mwenye gereji hakuna risiti yake. Kwetu mtu wa namna hiyo anatafutiwa mahali katika ukoo, na mume wako aliona mtoto wake wa kiume ndiye zawadi kubwa kuliko zote alizo nazo. Wewe ulipomjibu kwa kumtaja mama wa ndizi, yeye alisikia kwamba shukrani yake haina thamani nyumbani. Neno alilolisema juu ya yule mama ni baya, na siku moja atapaswa kulifuta. Lakini lilitoka mahali pa maumivu.

Kwa hiyo usianze na msimamizi. Anza na shukrani. Mwambie: "Mzee huyu tumheshimu vipi, maana anastahili?" Kisha yeye mwenyewe, si wewe wala mama mkwe, ampigie simu na kumweleza: mtoto aliugua, Kanisa linataka tusikawie, tunambatiza sasa, na Desemba ukija tunachinja, tunakualika ukae mbele umbariki mjukuu wako. Nafikiri mzee mwenye watoto na wajukuu akisikia habari ya nimonia atakuwa wa kwanza kusema msinisubiri. Akiweza kupanda basi aje awe shahidi, aje. Asipoweza, Desemba leteni mtoto kwenye misa ya shukrani, kisha ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, iwekwe mbele yake aikate yeye. Michango ya kamati haipotei. Yule mweka hazina atangaze kundini kwamba sherehe ni Desemba na ubatizo ni sasa. Watakaolalamika ni wale waliokuwa wanakuja kwa ajili ya ukumbi.

Siku ya ubatizo wenyewe, chai na maandazi kwa watu wa jumuiya inatosha. Nimewahi kukaa kwenye ubatizo ambao mama wa mtoto alikosa nusu ya ibada kwa sababu alikuwa nje anagombana na mpambaji. Sitaki ikupate.

Mama mkwe naye mweleze kwa adabu, pengine mumeo afanye hivyo. Usimamizi wa ubatizo haumpi mtu ulezi wa mtoto. Wazazi wakifariki, cheti cha ubatizo hakitamkabidhi mtoto kwa msimamizi mbele ya mahakama, hata msimamizi awe na maghorofa. Kama mnataka kujua nani atawalea watoto, kaeni na ukoo, andikeni wosia. Hayo ni mazungumzo ya maana sana, lakini ni mengine. Na kuhusu mtaji, nimeona watoto wengi wa ubatizo wa watu wakubwa. Wanapokea bahasha siku ya kwanza, na wakifika miaka kumi wanaulizwa mama yako wa ubatizo ni nani, wanamtazama mama mzazi usoni awajibie.

Mimi nilisimamiwa na mwanamke wa Kilema aliyekuwa hajui kusoma. Mwaka wangu wa Komunyo ya Kwanza alikuwa akija kila Jumamosi jioni, anaketi kwenye kigoda jikoni kwa mama, mimi nachambua maharage naye ananisikiliza sala. Nikikosea kwenye "Nasadiki", ile sala ya kukiri imani, hakuniambia nimekosea, alirudi nyuma na kuianza nami upya tangu mwanzo, tena na tena, mpaka siku moja nikaimaliza peke yangu. Hakuwahi kuninunulia gauni. Mpaka leo nikiisali ile sala nakwenda kwa mwendo wake, pale alipovuta pumzi nami navuta. Nikasimamia na mimi wa kwangu, na kwa huyo nimeshindwa. Nilikuwa mbali, nikatuma hela, nikadhani nimetimiza. Alipofunga ndoa niliketi ukumbini kama mgeni. Kwa hiyo naongea na uchungu wangu ndani.

Itazame ibada yenyewe. Padre anawauliza wazazi wanaomba nini kwa Kanisa, kisha anawageukia wasimamizi kuwauliza kama wako tayari kuwasaidia wazazi hao. Anamwekea mtoto alama ya msalaba kwenye paji la uso, na wazazi na wasimamizi nao wanaiweka, kidole juu ya ngozi. Wanakana dhambi na kukiri imani, kwa sauti, wao wenyewe. Baada ya maji na mafuta ya Krisma na vazi jeupe, mshumaa unawashwa kutoka mshumaa wa Pasaka, na wazazi pamoja na wasimamizi wanaambiwa nuru hiyo wameaminiwa wao wailinde. Kichanga hawezi kuulinda moto. Jiulize ni nani kati ya watu unaowajua atakayekuwa karibu vya kutosha kuona unapotaka kuzimika.

Kwa haya yote utasema Shangazi yuko upande wako. Niko upande wa mtoto. Nina maswali mawili kwako pia.

La kwanza: barua yako nzima haisemi kama yule mama umemwuliza. Mumeo amemchagua mzee bila kukuuliza wewe, na wewe umemchagua mama wa ndizi bila kumwuliza mama wa ndizi. Pengine ana watoto wa ubatizo saba tayari. Pengine ana jambo la ndoa au la Kipaimara ambalo hajawahi kukuambia, na likija kutajwa ofisini mbele ya watu utakuwa umemvunjia heshima mtu aliyekubebea uji siku nane. Mwulize faraghani, mpe nafasi ya kukataa. Akikubali na akiwa na sifa, kisheria mmoja anatosha. Kanuni ya 873 inaruhusu msimamizi mmoja, wa kiume au wa kike, au wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Nakushauri muwe na wawili, na huyo mwanamume amchague mume wako, kutoka kwao Kibosho au kati ya mafundi wenzake, Mkatoliki anayeishi hapa mjini ambaye mtoto atamwona zaidi ya mara moja kwa mwaka. Usimsahihishe orodha yake isipokuwa kwa yale ambayo kanuni inayadai. Anahitaji kuwa na mkono wake kwenye jambo hili.

La pili nitalisema mwishoni.

Mpangilio uwe hivi. Leo usiku, watoto wakilala, ongea na mwenzako kuhusu mzee kwanza. Ukiona mdomo ni mzito, chuma jani la sale kama wazee wetu walivyofanya walipotaka kusameheana, uliweke mezani mbele yake. Mchaga yeyote ataelewa kabla hujafungua kinywa. Akishampigia mzee simu, nendeni wote wawili kwa yule mama, yeye mumeo akiwa mbele. Kisha kwa mwenyekiti wa jumuiya kwa barua, kisha parokiani, mkiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti chenu cha ndoa, na vyeti vya wasimamizi kama ofisi inavihitaji. Ulizeni siku za mafundisho ya wazazi na wasimamizi na siku ya ubatizo iliyo karibu. Mwelezeni paroko habari ya kulazwa. Kwa mtoto aliyeugua hivyo sidhani kama atawapangia mbali. Na kama kifua kitabana tena kabla ya siku hiyo, sasa unajua maji yale ni ya nini.

Swali langu la pili ni kuhusu mkubwa wako. Umeandika kwamba kwake mambo yaliisha bila mgogoro, lakini msimamizi wake yuko Mwanza na mnasalimiana sikukuu kwa sikukuu. Miaka mitano huyo, miaka michache ijayo anaanza mafundisho ya Komunyo. Jumapili hii mkitoka misa mpigie binamu yako, na mkishamaliza kusalimiana mpe mtoto simu, utoke nje uwaache waongee.